Ijumaa Kuu ambayo Mama Onja hakuonja

Saa kumi na moja alfajiri, Tadea Kapinga anafungua kufuli la jiko lake lakini haingii. Anasimama kizingitini na kumulika sakafu kwa tochi. Majivu aliyoyanyunyiza jana jioni yametandaa vilevile, hayana alama ya unyayo. Sufuria ziko kifudifudi kama alivyoziacha. Ndipo anafanya ishara ya msalaba na kuvuka.

"Si dawa," anasema bila kuulizwa. "Ni majivu ya mafiga tu. Panya akiingia nitamjua, mtu akiingia nitamjua. Mwenye hoteli asiyejua nani kaingia jikoni kwake, huyo anapikia msiba."

Leo ni Ijumaa Kuu. Mjane huyu wa miaka hamsini na minne hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni, hata maji, na hatatia mpaka saa tisa alasiri, saa aliyokata roho Bwana. Hata hivyo anawasha moto, anakata nyanya, anachambua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa ajili ya watakaokula.

Kila anachokifanya asubuhi hii anakifanya kama mtu anayejua kwamba anaangaliwa. Ana sababu. Ijumaa Kuu ya mwaka jana, sufuria kama hii ilikaribia kumfungia hoteli.

Hoteli yenyewe ni banda la matofali ya kuchoma lililoezekwa bati, na nyuma yake vyoo viwili vya shimo vyenye milango inayofungwa kwa ndani. Iko kwenye uwanda wa mchanga kati ya Mbamba Bay na Chiwanda, sehemu ambayo madereva wameipa jina la Jangwani. Kwenye ramani hakuna jangwa. Lakini mvua zikikata, kama zilivyokata mapema mwaka huu, majani hunyauka, mchanga hupeperuka, na vumbi la gari huonekana mapema kiasi kwamba chai inaweza kuchemka kabla gari lenyewe halijafika.

Kwa mwenye safari ndefu, swali la Jangwani ni moja tu: usimame wapi?

Kuna mgunga mmoja, ambapo wanaume hushuka "kuchimba dawa" na wanawake hubaki ndani ya gari wamebana mapaja, maana mti mmoja hausitiri gari zima. Kuna daraja, ambapo Getrude Haule huuza mayai ya kuchemsha na mihogo ya kukaanga. Darajani panamfaa mwenye haraka, ila hakuna kivuli wala pa kujisitiri. Halafu kuna kwa Tadea.

"Mimi nikiwa na akina mama garini, sisimami pengine," anasema Pankras Ndunguru, dereva wa Hiace anayepita hapa karibu kila siku. "Kwa Tadea mwanamke anashuka kama binadamu na kupanda kama binadamu. Na chakula kipo. Ukiruka hapo, ujue mpaka Chiwanda utasikia lawama shingoni."

Madereva wanapaita Kwa Mama Onja. Jina hilo limetokana na desturi yake. Chakula kikiiva, kabla mgeni yeyote hajapakuliwa, Tadea huchota kijiko kimoja kutoka kila sufuria, anakula mbele ya watu wote na kumeza. Baada ya hapo anasubiri kidogo, mikono kiunoni, kama anayesikiliza tumbo lake, ndipo anasema, "Karibuni."

Hakuibuni mwenyewe. Nyumbani kwao Matiri, juu milimani Mbinga, mwenye pombe hunywa wa kwanza kabla ya kumpa mgeni kata. Asipokunywa, pombe yake haiguswi, hata kama ni ya harusi. Tadea hauzi pombe, ila desturi hiyo aliishusha nayo kutoka mlimani akaiingiza kwenye ugali na maharage.

"Nilikuja huku mgeni," anasimulia. "Mmatengo, halafu baadaye mjane. Watu wa ziwani wakawa wananitania, we mama wa milimani, humu umetuwekea nini? Utani, ndiyo. Lakini utani nao una mbegu yake. Nikasema basi, nitakula wa kwanza. Tukifa, tufe wote."

Alishuka kutoka Matiri akiwa mke wa Wendelin Mbele, mzaliwa wa Chiwanda, fundi wa kuziba pancha. Wendelin ndiye aliyepachagua mahali hapa, kwa hesabu ya kifundi: mchanga umeficha mawe yenye ncha, na matairi yaliyochoka huishia hapa. Abiria waliosubiri gurudumu lizibwe walisikia njaa, mkewe akaanza kuwakaangia mihogo.

Wendelin alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Ndugu walitarajia kwamba mjane atarudi kwao akalime kahawa. Hakurudi.

"Kahawa inakulipa mara moja kwa mwaka, na mwaka wenyewe unautafuta," anasema. "Barabara inakulipa kila siku. Ila barabara ina macho mengi. Lazima na wewe uwe nayo."

Macho anayo. Noti ya elfu kumi huiinua juani na kuigeuza pande zote mbili, hata kama imetoka kwa katekista. Chumvi ya kuazimwa haipokei. Sufuria ikiwa motoni haiachi, simu iite mpaka ichoke. Mwanamke akijitolea kumsaidia kukoroga, ataambiwa asante mwanangu, kaa upumzike, na mwiko hatapewa.

"Huyu mama," anasema Jastin, konda wa Pankras, "hata Malaika Gabrieli akimtokea, atamwomba kitambulisho."

Kwa uangalifu huo alijenga vyoo kabla ya kujenga chumba chake cha kulala, na kusomesha watoto watatu. Siku nzuri aliweza kuuza chakula cha shilingi elfu arobaini, ukiacha sahani za dereva na konda, ambazo kwa desturi ya barabara hazilipiwi. Anayeleta wageni haombwi hela ya ugali.

Kwa miaka yote hiyo, Ijumaa Kuu alikuwa hafungui. Mwaka jana Pankras ndiye aliyemwomba. Alimweleza kwamba siku hiyo magari hujaa watu wanaokwenda kwao kula Pasaka, na watoto wadogo hulia njaa Jangwani kote. Tadea alilifikiria jambo hilo juma zima. Kufunga ni ibada, akawaza, na kumlisha mwenye njaa nako ni ibada. Akaona anaweza kuzibeba zote mbili.

Akapika. Gari likaja, watu wakashuka, akainama kupakua.

Jastin alikuwa wa kwanza kugundua. "Mama Onja," aliuliza kwa mzaha, "leo huonji?"

Neno moja tu, "nimefunga," lingetosha. Hakulisema. Tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza alijua kwamba mfungo ni siri ya mtu na Mungu wake, na anayeutangaza amekwisha kujilipa. Wala hakudhani kwamba siku kama ile kuna mtu angefikiria kingine. Alisahau kwamba kwa watu wengi tone la mchuzi kwenye ncha ya ulimi halivunji mfungo. Kwa Tadea, kuonja ni kula, tena kula mbele ya mashahidi.

"Leo sionji," alijibu, akaendelea kupakua.

Wengi walikuwa wamefunga, wakakaa kivulini. Waliokula ni watoto, wazee wachache, dereva na konda wake, na mwanamke mmoja kijana, Edina Challe, aliyekuwa anakwenda kwao Chiwanda kwa Pasaka. Tadea anakumbuka alivyomwangalia. Kijana, mzima wa afya, binti wa familia ya Kianglikana inayoshika mfungo kama yeye mwenyewe, lakini alikula sahani nzima huku ameinamisha macho.

"Nilijiuliza, huyu naye ana nini? Lakini si kazi yangu kumhesabia mtu matonge."

Gari lilipofika darajani, Edina aliomba lisimame. Alishuka mbio akatapika. Akatapika tena, mpaka akakaa chini mchangani ameshika tumbo, na wanawake wakamshika mabega. Getrude aliyaacha mayai yake akaja kumpa maji. Na katika mkusanyiko ule mtu mmoja alisema: yule mama leo hakuonja.

Nani alisema, hajulikani. Jastin anaapa si yeye. Pankras anasema sauti ilitoka kiti cha nyuma. Kufikia Jumatatu ya Pasaka, maneno hayo yalikuwa yamefika Mbamba Bay na kurudi.

"Maneno manne tu ya msingi," anasema Tadea. "Yule mama leo hakuonja. Hakuna tusi ndani yake. Hakuna uongo. Sikuonja kweli. Sasa utayakana vipi?"

Juma lililofuata, Pankras alipiga honi akapita. Fuso la mihogo likapita. Tadea alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akaonja sufuria zote mbele ya kuku na barabara tupu, kisha akakaa. Jioni alimwaga ugali. Siku zilizofuata alipika nusu, kisha robo. Kuna siku mauzo yake yote yalikuwa chai ya elfu tatu, na walioinunua walikuwa wageni kutoka Songea wasiojua habari.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta mchawi wake, kama anavyosema mwenyewe. Na macho yakamwangukia Getrude.

Hesabu ilionekana rahisi. Magari yaliyoruka kwa Tadea yalisimama darajani. Getrude aliongeza meza ya pili, akaongeza chapati, akanunua mwavuli mkubwa wa rangi nyekundu unaoonekana kutoka mbali. Kila Tadea alipouona mwavuli ule alihisi kama amechomwa kibanzi. Wanawake hawa wawili wanasali kigango kimoja. Kwenye kutakiana amani, Tadea alimpa mwenzake ncha za vidole, akavirudisha haraka.

Getrude, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, hakatai kwamba biashara ilimkubali mwaka jana. Anachokataa ni maneno. Anasema watu walimfuata wenyewe.

"Waliniuliza, ni kweli yule dada alitapika hapa? Nikasema ndiyo, si nilimwona? Wakaniuliza, ni sumu? Nikasema mimi sijui, mimi nauza mayai."

Tadea akirudishiwa jibu hilo, anavuta pumzi kwa pua. "'Sijui' ya mtu anayeuza mayai," anasema, "ni nzito kuliko 'ndiyo' ya mtu mwingine."

Magari yalianza kurudi wakati wa kiangazi, ila si kwa chakula. Yalirudi kwa ajili ya choo. Akina mama walishuka, wakamsalimia shikamoo kwa adabu, wakaenda nyuma, wakanawa kwa maji yake, wakapanda. Baadhi walishuka na mayai ya darajani mkononi, wakayamenya kwenye kivuli chake, na maganda wakamwachia.

Alifagia maganda. Choo hakukifunga. Mwanawe wa kwanza, aliyeko Songea, alimshauri atie kufuli, waone watakwenda wapi. Alimjibu kwamba aliyebanwa hana kosa.

Mwezi wa kumi na mbili, mwendesha bodaboda aliyesimama kuomba maji alimpa habari za Chiwanda, na kati ya habari hizo, bila kujua uzito wake, akasema Edina Challe amejifungua mtoto wa kike. Tadea alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Bodaboda alipoondoka, alitenga punje moja kwa kila mwezi, akirudi nyuma. Punje tisa zikamfikisha mwezi wa tatu. Ijumaa Kuu ilikuwa mwezi wa nne.

"Nikaziangalia zile punje muda mrefu," anasema. "Nikajua kwa nini alikula siku ya mfungo. Nikajua kwa nini alitapika. Nikajua na yeye alikuwa anajua."

Hilo la mwisho ndilo lililomkaa kooni. Kwamba kwa miezi yote ile kulikuwa na mtu mmoja, mmoja tu, aliyeweza kumtoa matopeni kwa sentensi moja, naye akanyamaza.

Lakini hata Tadea hakusema. Huku mimba changa haitajwi, na ya mtu mwingine haitajwi kabisa hata ikishazaliwa. Angesimama barabarani aseme nini? Amhesabie miezi mke wa mtu mbele ya konda? Alizirudisha punje kwenye ungo, akapika.

Kwaresima ya mwaka huu ilipoingia, swali likarudi likiwa na meno. Ijumaa Kuu inakuja. Afungue au asifungue? Akifunga hoteli, watasema ameogopa, kumbe ilikuwa kweli. Akifungua akaonja, atakuwa amevunja mfungo alioushika tangu akiwa mwali, kwa kuogopa midomo ya watu. Akifungua asionje, basi safari hii hata choo watakiruka.

Alimpelekea padre swali hilo, baada ya kuungama. Anasema padre alimsikiliza vizuri, akamwambia kuonja si kula, na kama moyo unamsumbua, aonje kisha ateme.

"Nikamwambia, asante Baba," anasimulia Tadea, uso mkavu. "Nikatoka. Baba ni mtu mwema, ila hajawahi kuwa na hoteli. Mpishi anayeonja mchuzi wake akautema mbele ya abiria, si ndiyo amejifunga kamba mwenyewe?"

Kwa hiyo asubuhi hii amekuja jikoni akiwa na uamuzi nusu. Atapika. Hataonja. Akiulizwa, atajibu nini? Hilo amemwachia Mungu, ingawa anakiri kwamba usiku hakulala kama mtu aliyemwachia Mungu.

Jua limepanda sasa. Usipa wameiva kwa nyanya, maharage yametulia, ugali wa muhogo umefunikwa. Vumbi linaonekana upande wa kaskazini. Tadea analiangalia huku anafuta meza ambayo ameshaifuta. Vumbi linakuwa gari, na gari ni Hiace ya Pankras. Inapunguza mwendo, inakata kona, inasimama.

Akina mama wanakwenda nyuma kwanza. Wanaume wanajinyoosha. Watoto wanasogea kwenye harufu, lakini mama zao wanawarudisha kwa mikono, taratibu, kama watu wasiotaka kuonekana wanarudisha. Watu wanaunda nusu duara mbele ya jiko. Hakuna anayekaa. Jastin, ambaye kwa kawaida hakosi neno, anachunguza tairi lisilo na tatizo.

Pankras ndiye anayesogea. Anamwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba. Anavua kofia, anaikunja.

"Mama," anasema kwa sauti ndogo, ila kila mtu anasikia. "Leo unaonja?"

Tadea ameshika mwiko kwa mikono miwili. Kuku anavuka katikati ya watu.

"Leo ni Ijumaa Kuu, mwanangu," anasema. "Sionji."

Hakuna anayesogea. Mwanamke mmoja anaanza kumwambia mtoto wake kwamba darajani kuna mayai. Ndipo, kutoka nyuma, kati ya akina mama waliotoka chooni, anakuja Edina Challe na mtoto mgongoni. Tadea hakumwona akishuka. Kwa mwanamke ambaye hapitwi na kitu, hilo peke yake linamshtua.

Edina anapita katikati ya watu mpaka kwenye jiko.

"Mama, mimi nitaonja," anasema.

Tadea anamwangalia kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili. Anamwangalia mikono. Wengine wangelia, wengine wangekumbatia. Yeye anaelekeza mwiko kwenye ndoo ya maji.

"Nawa kwanza."

Edina ananawa. Anachukua kijiko, anachota usipa, anakula. Anachota maharage, anakula. Anamega ugali, anachovya, anakula na kumeza. Halafu anageuka kuwakabili abiria.

"Mimi nanyonyesha, sifungi," anasema. "Na mwaka jana sikufunga kwa sababu nilikuwa na huyu tumboni. Ndiye aliyenitapisha. Huyu mama hakuniwekea kitu. Alikuwa amefunga, na sisi tukamfanya muuaji."

Mtoto mgongoni anaamka na kulia. Mzee mmoja anakohoa, anavuta kiti, anakaa. Anasema yeye ana vidonda vya tumbo, Mungu anamjua, apakuliwe. Watoto wanaachiwa. Pankras anakaa. Jastin anatangaza kwamba tairi ni zima, naye anakaa.

Tadea anapakua. Anayemtazama kwa karibu anaona kwamba sahani ya Edina ameijaza kuliko zote, na kwamba usipa wakubwa amemchagulia yeye.

Wakati wengine wanakula, Edina anaeleza kilichomfunga mdomo. Mimba yake ya kwanza iliharibika. Ya pili ilipoingia, mama mkwe alimkataza asimwambie mtu, hata mama yake mzazi, mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Siku ile alimdanganya jirani yake garini kwamba ana malaria. Tumbo lilipojisema, maneno ya sumu yalikuwa yameshakuwa makubwa, naye akaogopa kuyagusa.

"Niliona nikifungua mdomo, na huyu naye ataondoka," anasema akimpapasa mtoto. "Kila gari lilipopita hapa bila kusimama, niliposimuliwa, nilijua ni mimi. Nilikuwa naogopa kupita njia hii. Leo sikushuka kwa ushujaa, nilibanwa tu. Nikatoka nyuma nikakuta mmesimama hivi."

Tadea, alipoulizwa baadaye kama amemsamehe, alifikiri kabla ya kujibu. Alisema leo si siku ya kumnyima mtu msamaha. Kesho je? Alisema kesho ni Jumamosi, ana maharage ya kuloweka.

Gari lilipoondoka, sufuria ya ugali ilikuwa imebaki ukoko. Likaja Fuso, likaja gari la wageni kutoka Mbinga, na Edina, aliyeamua kusubiri gari la mchana, akaonja mara mbili zaidi bila kuombwa, kila mara akipita kwanza kwenye ndoo.

Tadea hajidanganyi kwamba mambo yamekwisha. Anajua watu. Anasema wapo watakaosema Edina amehongwa, na wapo watakaosema dawa za milimani huchelewa kufanya kazi. Mauzo bado hayajafika nusu ya yale ya zamani. Lakini ana mpango, na ameupanga kwa mapana kama anavyopanga kila kitu.

Kwanza anataka tangi la kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati, ili kiangazi asinunue maji ya madumu kwa ajili ya vyoo. Pili, kuanzia sasa, kila Ijumaa Kuu hoteli itafunguliwa na kutakuwa na mwonjaji asiyebanwa na mfungo: mama anayenyonyesha, aliye mzima, anayejulikana na watu. Edina amekubali kuja mwakani, mtoto akiwa bado ananyonya.

"Lakini mtu mmoja hatoshi," anasema Tadea. "Akikosa gari? Mtoto akiugua? Lazima awepo wa akiba."

Wa akiba anaye kichwani tayari. Anaangalia barabara kushoto, anaangalia kulia, ndipo anateremsha sauti. Ni mkwe wa Getrude. Jumapili ya Matawi alimwona nyuma ya kanisa akitafuna udongo, anageukia ukuta ili asionekane.

"Sijamwambia mtu, na jina lake usiliandike," anasema. "Tumbo likijisema, nitakwenda darajani mwenyewe kumwomba Getrude aniazime mkwe wake. Najua mwanzoni atakataa, na atakuwa na haki. Kwa hiyo kabla sijafungua mdomo, nitanunua mayai yake mawili nile palepale, abiria wote wanaona."

Anafunika sufuria, anakagua kifuniko, anakikagua tena.

"Ila nitayamenya mwenyewe."